Ukiambiwa Mashine Ipo, Uliza Fundi Wake



Katika nyumba zetu za Pwani, mgonjwa akishaambiwa kuwa ana uvimbe ndani ya kichwa, jamaa hukutana siku hiyo hiyo. Wa Kisauni huja, wa Malindi hupigiwa simu, na aliyeko Muscat au Jeddah huulizwa atachangia nini. Swali linalozunguka barazani huwa ni moja: mashine iko wapi? Iko Nairobi? Iko India? Tukienda tutakaa siku ngapi? Ni swali la haki. Lakini katika vikao hivyo ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo lingetangulia: hao wanaoiendesha mashine wamefunzwa na nani, kwa muda gani, na nani huwakagua?

Makala haya yanahusu swali hilo la pili. Tiba tunayoizungumzia ni ya mionzi inayokusanywa mahali pamoja ndani ya kichwa. Madaktari huiita upasuaji wa mionzi, ijapokuwa hapana kisu, hapana fuvu linalofunguliwa wala damu inayomwagika. Jina hilo limebaki kwa sababu aliyeiasisi alikuwa mpasuaji. Profesa Lars Leksell wa Stockholm, nchini Sweden, alifanya kazi katika zama ambazo kufungua kichwa cha mtu kulikuwa hatari kubwa. Mwaka 1949 alieleza fremu yake ya chuma inayofungwa kichwani, ambayo kwayo kila nukta ndani ya ubongo hupata anwani: kiasi gani kulia au kushoto, kiasi gani mbele au nyuma, kiasi gani juu au chini. Mwaka 1951 akatoa wazo la kuielekeza mionzi kwenye anwani hiyo badala ya kisu. Akashirikiana na mwanafizikia Börje Larsson wa Uppsala, wakajaribu mionzi ya namna mbalimbali, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 ikapatikana mashine ya kwanza iliyoitwa Gamma Knife, yenye vyanzo 179 vya kobalti-60. Zinazotengenezwa leo zina vyanzo 192.

Mfano wa kazi yake ni mchango wa harusi. Kila mgeni hutoa kidogo, na hakuna nyumba inayofilisika kwa kutoa. Lakini zote zikikusanyika mkononi mwa mwenye shughuli, ni fedha ya kujenga. Kila mwale katika ile 192 ni dhaifu. Hupita kwenye ngozi, mfupa na ubongo mzima bila kuacha madhara makubwa. Pale yote inapokutana, katika nukta isiyozidi milimita chache, nguvu yake huwa kubwa kiasi cha kuua chembe za uvimbe, au kuifunga taratibu mishipa ya damu iliyojisokota vibaya. Mashine nyingine, kama CyberKnife, hazitumii kobalti. Huwa na chombo cha kutoa mionzi kilichofungwa kwenye mkono wa roboti, unaomzunguka mgonjwa na kumlenga kutoka pembe nyingi, huku picha zikipigwa mara kwa mara kuhakikisha kichwa hakijasogea. Njia ni tofauti, lengo ni moja.

Sasa tazama tofauti ya tiba hii na ile ya mionzi ya kawaida. Katika ile ya kawaida mgonjwa hupewa dozi ndogo, mara nyingi grei 2 kwa siku, kwa wiki kadhaa. Likitokea kosa siku ya tatu, lipo nafasi ya kulitambua na kulisawazisha. Katika tiba hii, uvimbe wa neva ya kusikia hupewa takriban grei 12 au 13 ukingoni mwake kwa kikao kimoja. Mbegu ya saratani iliyosafiri kutoka ziwani hadi kichwani huweza kupewa grei 20 au zaidi. Neva ya uso yenye maumivu makali hupewa zipatazo 80, katika nukta yenye upana wa milimita 4. Na jirani na nukta hizo kuna neva ya kuonea, ambayo kwa kikao kimoja wataalamu hujitahidi isipate zaidi ya grei 8 hadi 10. Yote hukamilika mchana mmoja, na kosa likishafanyika hapana kikao cha kesho cha kulirekebisha.

Ndiyo maana mafunzo ya kazi hii yakawa ni jambo la kipekee. Elimu yake ilienea kwa njia ambayo msomaji wetu ataitambua mara moja, njia ya ijaza. Mwanafunzi husafiri, hukaa mbele ya mwalimu, hutazama, husahihishwa, kisha hupewa ruhusa na kurudi kwao kufunza wengine. Daktari L. Dade Lunsford wa Pittsburgh, Marekani, alikwenda Stockholm mwanzoni mwa miaka ya 1980 akasoma kwa jopo la Leksell. Mwaka 1987 chuo chake kikafungua Gamma Knife ya kwanza yenye vyanzo 201 nchini mwao, na tangu hapo Pittsburgh imekuwa mojawapo ya madrasa kuu za fani hii, ikipokea madaktari kutoka kila bara. Daktari John Adler wa Stanford naye alikwenda kwa Leksell katikati ya miaka ya 1980. Aliporudi akaanza kufikiria mashine isiyohitaji fremu ya chuma, na mgonjwa wa kwanza wa CyberKnife akatibiwa mwaka 1994. Mwalimu mmoja, wanafunzi wawili, njia mbili ambazo leo zimeenea duniani.

Je, wanafunzwa nini hasa? Kozi ya msingi ya mashine hizi aghalabu huchukua kama wiki moja, na hapa pana jambo la kuangaliwa vizuri. Wiki hiyo ni ya watu ambao tayari ni mabingwa: mpasuaji wa ubongo aliyemaliza miaka yake ya ubingwa, daktari wa tiba ya mionzi, na mwanafizikia wa tiba. Pamoja nao huja muuguzi na mtaalamu wa radiografia. Cheti cha wiki moja hakimfanyi mtu kuwa bingwa, kama vile kuhudhuria darsa za mwezi wa Ramadhani hakumfanyi mtu kuwa mufti. Kanuni za Marekani kwa mashine za kobalti za aina hii zimedai daktari awe na masaa 200 ya darasani na maabara na masaa 500 ya kazi chini ya usimamizi, juu ya miaka mitatu ya mafunzo ya ubingwa hospitalini. Zikadai pia kuwa daktari aliyeidhinishwa na mwanafizikia aliyeidhinishwa wawepo wote wawili kwa muda wote wa matibabu. Hairuhusiwi kuwasha mashine kisha kwenda kunywa chai.

Siku za kozi huanza alfajiri, kwa sababu wagonjwa hufika alfajiri. Wanafunzi husimama kando wakitazama fremu ikifungwa. Mgonjwa hupigwa sindano za ganzi mahali panne, pini nne hukazwa hadi zishike mfupa wa nje, na mpasuaji hueleza kwa nini ameipeleka fremu kidogo kushoto: uvimbe uko kushoto, na akikosea hapo mashine haitaufikia. Kisha picha ya MRI hupigwa. Halafu wote huketi mbele ya kompyuta, na hapa ndipo penye kiini cha mafunzo. Mpasuaji huchora mpaka wa uvimbe. Daktari wa mionzi hupendekeza dozi. Mwanafizikia hukagua jinsi dozi inavyoshuka kuelekea shina la ubongo. Wakihitilafiana husogeza nukta, hupunguza, huongeza, hujaribu tena. Wanafunzi hupewa picha za wagonjwa waliokwisha kutibiwa zamani, bila majina, wapange wenyewe, kisha mpango wao huwekwa sambamba na wa mwalimu. Wapo wapasuaji wa miaka ishirini ambao hapo hugundua kuwa mkono wao mwepesi hauwasaidii kitu. Katika kazi hii jicho na subira ndivyo vinavyopasua.

Lipo pia zoezi la dharura, nalo ndilo ningependa kila mama alijue. Kobalti haizimwi kama taa. Huwa hai saa zote ndani ya kinga yake nzito ya chuma, na nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5 na miezi kadhaa, ndiyo maana tiba iliyochukua nusu saa mashine ikiwa mpya huchukua kama saa nzima ikishazeeka. Sasa ikiwa kitanda kimekwama mgonjwa akiwa ndani, watu wa chumba hicho lazima wajue nani ataingia, atashika wapi, atavuta vipi, na kwa sekunde ngapi. Hufanyiwa zoezi hilo kabla hawajamgusa mgonjwa yeyote, na kanuni nilizozitaja zinataka lirudiwe kila mwaka.

Kati ya hao wote, asiyejulikana kabisa na jamaa za mgonjwa ni mwanafizikia. Havai koti la kupendeza wala haji kitandani kutoa pole. Kazi yake ni kupima: je, mashine inatoa kweli kile ambacho kompyuta inasema inatoa? Umuhimu wake ulionekana katika mji wa Toulouse, nchini Ufaransa. Mwezi wa Aprili 2006 hospitali moja ya huko ilianza kutumia mashine mpya ya mionzi iliyolengwa. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2007, ikagunduliwa kuwa wagonjwa 145 walikuwa wamepewa dozi kubwa kuliko iliyokusudiwa. Mashine haikuwa mbovu, wala madaktari hawakuwa walevi. Siku ya kuisawazisha, kabla ya mgonjwa wa kwanza, miale midogo kabisa ilipimwa kwa kifaa kilichokuwa kikubwa mno kuliko miale yenyewe.

Mwenye kufahamu kazi ya sonara atalielewa hili upesi. Mizani ya kupimia magunia ya mkaa si mibovu, lakini ukiweka juu yake kipini cha dhahabu itakuambia hapana kitu. Kifaa kile kilikuwa kipana kuliko mwale, kwa hiyo sehemu yake ilibaki gizani, kikasoma kuwa mwale ni dhaifu kuliko ulivyo. Kompyuta ikaamini. Ili kufikia dozi iliyotakiwa, ikawa inaongeza muda. Kila siku, kwa mwaka mzima, kwa kila mgonjwa ambaye mpango wake ulitumia vipimo hivyo, bila taa nyekundu kuwaka wala kengele kulia. Nchini Marekani nako yametokea makosa ya sampuli hii. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, pamoja na chama cha wanafizikia wa tiba wa Marekani, walitoa mwongozo maalumu wa kupima miale midogo, ambao leo ni somo la lazima kwa anayefunzwa kazi hii kwa ukamilifu.

Sisi Waislamu jambo hili si geni kwetu. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud na wengineo kuwa Mtume (S.A.W.) alimbebesha dhamana mtu anayejitia utabibu ilhali hajulikani kwa elimu ya utabibu: madhara yakitokea, ni juu yake. Wanazuoni wa fiqhi wakajenga juu ya hapo mlango mzima wa dhamana ya tabibu, wakitofautisha kati ya mjuzi aliyefanya kazi yake kama ipasavyo kisha mgonjwa akadhurika, na asiyejua aliyevamia kazi isiyo yake. Naye Abul Qasim al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki mapema katika karne ya 11, aliifanya sehemu ya mwisho kati ya 30 za kitabu chake, al-Tasrif, kuwa ya upasuaji, akachora vyombo vya kazi kimoja kimoja na kuwalaumu wanaoshika chombo kabla ya kujua maumbile ya mwili. Kwa hiyo mtu akiuliza hospitalini "mmefunzwa wapi?" asihisi kuwa amekosa adabu. Anaidai haki aliyopewa na dini yake, na tabibu mwaminifu hataudhika.

Mafunzo mema humfunza daktari kusema hapana, na huo ndio mtihani wangu kwa hospitali yoyote. Tiba hii haifai kila kichwa. Uvimbe mkubwa, kwa kawaida uliozidi sentimita tatu hivi, au unaobana ubongo kiasi cha kumtapisha mgonjwa na kumpofusha, mara nyingi huhitaji kisu kwanza, kwani mionzi huchukua miezi kufanya kazi. Fundo la mishipa ya damu lililotibiwa kwa mionzi huchukua miaka miwili au mitatu kufunga, na muda wote huo hatari ya kuvuja damu bado ipo. Anayewaambia mtatoka jioni mkiwa mmepona hakufunzwa vizuri, au amefunzwa na anawaficha.

Na maumivu ya neva ya uso, yale ya ghafla kama shoti ya umeme, yanayomzuia mtu kupiga mswaki, kula, hata kutawadha uso? Hayo huanza kutibiwa kwa vidonge, na wengi hupata nafuu. Mionzi huja pale dawa zinaposhindwa, na nafuu yake huweza kuchukua wiki kadhaa kuonekana. Wengine hubaki na ganzi shavuni. Wangapi katika mama zetu wameng'olewa magego mazima, moja baada ya jingine, kwa maumivu ambayo hayakutoka katika meno kamwe! Hilo nalo ni suala la mafunzo, tena la kliniki za hapa hapa mitaani kwetu kabla ya kufikiria mashine ya mamilioni. Vivyo hivyo mtoto anayepatwa na kifafa. Dua ni silaha ya Muislamu, na hatumzuii mtu kusomewa. Lakini kombe na picha ya MRI havigombani, na kuchelewesha la pili kwa sababu ya la kwanza hakuna aliyetuamrisha.

Kwa akina mama, lililo muhimu zaidi pengine ni hili. Saratani ya matiti ni miongoni mwa zile ambazo mbegu zake husafiri hadi kwenye ubongo. Zamani, likionekana doa moja au mawili kichwani, desturi ilikuwa kuuchoma kwa mionzi ubongo wote. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti mkubwa uliowafuata wagonjwa wenye madoa machache, kuanzia moja hadi matatu. Waliotibiwa kwa mionzi iliyolengwa kisha wakaongezewa ya ubongo mzima, takriban 92 katika kila 100 walipungukiwa na uwezo wa akili, kama kumbukumbu na wepesi wa kufikiri, baada ya miezi mitatu. Waliopata ile iliyolengwa peke yake walikuwa 64. Na walioongezewa hawakuishi muda mrefu zaidi kwa nyongeza hiyo. Mwenye juzuu kifuani mwake, au mwenye watoto anaotaka kuyakumbuka majina yao na maneno yao hadi siku ya mwisho, ataona uzito wa tofauti hiyo. Si kwamba mionzi ya ubongo mzima imekwisha kazi. Madoa yakiwa mengi mno huenda ikahitajika. Muhimu ni kuwa aliyefunzwa atawaeleza njia zote mbili, na sababu ya kuchagua moja.

Yapo maswali ambayo wanawake huona haya kuyauliza, nami nitayajibu bila kuzunguka. Nywele hazinyolewi kwa ajili ya tiba hii, na kwa kawaida hazinyonyoki, isipokuwa penginepo sehemu ndogo ikiwa shabaha iko karibu sana na ngozi. Kichwa lazima kifunuliwe wakati wa kufunga fremu au kutengeneza kinyago, na ni halali yako kuomba muuguzi wa kike awepo na mlango ufungwe. Hospitali zilizozoea wagonjwa wa Kiislamu hufanya hivyo bila kuambiwa mara mbili. Pini za mtandio, zote, hata ile ndogo uliyoisahau nyuma ya sikio, zitoke kabla ya kuingia chumba cha MRI, kwa sababu sumaku ya humo huzirusha. Anayedhani ana mimba aseme mapema. Mionzi haibaki mwilini: ukitoka hapo, mpakate mwanao na lala na mumeo, humdhuru mtu. Majeraha manne ya pini hupona baada ya siku chache, na namna ya kutia udhu yakiwa yamefungwa bendeji muulizeni shekhe wenu kabla ya siku yenyewe, msije mkaanza kubishana wodini.

Basi iko wapi? Kwetu Kenya, Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, jijini Nairobi, ina mashine ya CyberKnife. Cairo ina kituo cha Gamma Knife tangu mwanzoni mwa karne hii. India, ambako jamaa wengi wa Pwani wamezoea kwenda, zimo Gamma Knife kadhaa, mojawapo katika hospitali kuu ya serikali ya AIIMS mjini New Delhi. Mfano unaonivutia zaidi uko Karachi. Katika hospitali ya serikali ya Jinnah wagonjwa hutibiwa kwa CyberKnife bila kutoa hata rupia moja, gharama zikibebwa na wafadhili wa kawaida, wenye maduka na wenye viwanda. Mji wenye matajiri na mafukara pamoja umeamua kuwa ubongo wa fukara nao ni ubongo. Kamati zetu za zaka na sadaka za Mombasa zingefaa kupeleka watu wawili wakaone hesabu zao.

Popote mtakapokwenda, kabla ya kununua tiketi, mwombeni daktari awajibu kwa maandishi au kwa simu. Nani atachora mpaka wa uvimbe, na je, mpasuaji wa ubongo na daktari wa mionzi wote wataketi pamoja juu ya mpango wa mgonjwa wenu? Wametibu wagonjwa wangapi wenye ugonjwa kama huu huu? Mwanafizikia ni mwajiriwa wao au hukodiwa siku moja kwa wiki? Vipimo vya mashine vimekaguliwa lini mara ya mwisho na watu wa nje? Ulizeni hayo ya mwisho hata kama mtaonekana wajuaji, kwani huko Toulouse kosa lilifichuliwa pale vipimo vilipolinganishwa na vya kwingine. Hapa Kenya wanaosimamia leseni za mionzi ni Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, na kila kituo kina wajibu mbele yake. Ulizeni pia nani atamfuatilia mgonjwa akisharudi Pwani, maana picha za MRI za miezi ijayo ni sehemu ya tiba, na uvimbe unaoonekana kukua baada ya mionzi pengine ni wenyewe unaokufa na kufura. Kulitambua hilo nako ni mafunzo.

Limebaki la mabinti zetu. Tuna wasichana wanaopata alama nzuri za fizikia na hisabati, kisha tunawaambia hapana kazi ya heshima katika fizikia ila ualimu. Mwanafizikia wa tiba husoma shahada ya kwanza ya fizikia, halafu ya uzamili, kisha Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki hupendekeza apate mafunzo ya vitendo hospitalini kwa muda usiopungua miaka miwili. Mjini Trieste, Italia, katika kituo cha kimataifa cha fizikia kilichoanzishwa mwaka 1964 kwa ajili ya wanasayansi wa nchi zinazoendelea, kuna shahada ya uzamili ya fizikia ya tiba tangu mwaka 2014: mwaka mmoja darasani, mwaka mmoja ndani ya hospitali. Waafrika wengi wamepita hapo, na baadhi husomeshwa kwa ufadhili. Kazi yenyewe hufanywa katika vyumba tulivu, kwa vifaa na hesabu, na hijabu haizuii lolote. Anayeingia shule ya upili mwaka huu na kuchagua mkondo wa sayansi atakuwa na umri wa miaka ishirini na mitano hivi atakapokuwa tayari kuishika kazi hiyo, na fomu ya kuchagua masomo hujazwa nyumbani, kwa kalamu ya mzazi.